Pesa ya Kupanda, Pesa ya Ushindi

Siku kaka yake alipopoteza jicho, Kiwembe alikuwa pale kona ameshika ndoo ya barafu. Wakati huo hakuna aliyemwita Kiwembe. Alikuwa msusi tu, binti wa saluni mwenye vidole vyepesi, na alikwenda ukumbini kwa sababu kaka yake alimwomba: "Mdogo wangu, njoo unishikie ndoo, yule jamaa wa kila siku ana homa."

Kaka yake alikuwa mpiganaji wa mapigano mseto, ule mchezo wa ndani ya kizimba cha waya ambamo ngumi, mateke, mieleka na kukabana koo vyote ruksa. Watu wakiona taa na kamera hudhani wapiganaji wanaogelea kwenye pesa. Ukweli ni kwamba mpiganaji hana mshahara. Analipwa kwa pambano, na malipo yenyewe yamepasuliwa katikati. Nusu ni pesa ya kupanda, unaipata ukiingia kizimbani tu. Nusu ya pili ni pesa ya ushindi, na hiyo huioni mpaka mwamuzi ainue mkono wako juu. Ukishindwa, ukitoka sare, au pambano likivunjwa kabla ya wakati, unarudi nyumbani na nusu.

Katika raundi ya pili kidole gumba cha mpinzani kilizama kwenye jicho la kushoto la kaka. Kama ni makusudi au bahati mbaya, Mungu ndiye anayejua. Mwamuzi akasimamisha, daktari akaingia na tochi yake ndogo.

"Unaniona?"

"Naona, daktari. Naona."

Haoni kitu. Kiwembe alikuwa karibu kiasi cha kuona jicho lenyewe, jekundu lote, machozi yanamiminika kama bomba lililopasuka. Alitaka kupiga kelele. Hapo ndipo promota alipoinuka kwenye kiti chake cha mbele, akaja mpaka kwenye waya. Mtu mnene, msafi, ana tai shingoni hata jua liwe kali vipi. Wapiganaji wote walimwita Mlezi, jina alilojipa mwenyewe.

"Kijana wangu," Mlezi alisema kwa sauti ya upole, "daktari akivunja sasa, hakuna mshindi. Utaondoka na nusu. Mimi siwezi kukulazimisha, amua mwenyewe."

Mke wa kaka alikuwa na mimba kubwa, na mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kuwasalimia kwa kununa. Kaka akamsukuma daktari pembeni. Alipigana raundi moja na nusu kwa jicho moja, akashinda, mkono ukainuliwa, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Kisha akaanguka, akapakiwa kwenye gari la wagonjwa. Jicho halikurudi tena.

Wiki iliyofuata Kiwembe alikwenda ofisini kuchukua malipo kwa niaba yake. Mhasibu, kijana mwenye kikohozi kisichoisha, alimsomea makato: fungu la meneja, vipimo vya damu, chumba cha hoteli, glavu, gari la wagonjwa.

"Gari la wagonjwa?" Kiwembe aliuliza.

"Si alipanda?"

"Alipanda au mlimpakia? Mtu alikuwa hajitambui!"

"Dada, mimi nimeambiwa nikate, nakata."

Mlango wa ndani ukafunguka, Mlezi akatoka akinukia marashi. Akamwekea mkono begani. "Kaka yako ana roho ya simba. Mwambie asijisikie mpweke. Sisi hapa ni familia."

Kiwembe aliuangalia ule mkono mpaka ukaondoka wenyewe. Aliposhuka ngazi alikuwa ameshaamua jambo moja, ijapokuwa hakujua bado atalifanyaje: yeye ndiye atakayemkalia kooni huyu mtu, na atakapomkalia hatamwachia.

* * *

Kaka hakutaka kumfundisha. "Mikono yako ni ya kusuka," alimwambia. "Ikivunjika kidole utakula nini?" Lakini alipoona dada mtu anakwenda kujifunza kwa watu wengine, tena wanamfundisha vibaya, aliona aibu, akavaa viatu vyake vya zamani akaja ukumbini. Tangu hapo hakumhurumia. Alimkimbiza, akamkunja, akamgaragaza kwenye mkeka mpaka akatapika, akampa maji akamwambia tuendelee. Miaka ikapita. Mikono ya kusuka ikawa mikono mingine. Viwiko vyake vilipata sifa ya kuchana nyusi za watu kama vile vina makali, na jina likaja lenyewe.

Siku aliyosaini mkataba na Mlezi, kaka aliacha kula, akasukuma sahani.

"Kampuni zote duniani zimekwisha, imebaki ya huyo tu?"

"Nikiwa mbali nitaishia kumrushia mawe. Nataka nimfikie pale anapolala."

"Analala wapi?"

"Kwenye mikataba."

Kaka alimtazama kwa lile jicho moja. "Mimi jicho limeshakwenda, mdogo wangu. Usiliandame mpaka na wewe upotee."

"Kula, chakula kinapoa."

Alipigana kwa Mlezi kama mfanyakazi hodari. Alishinda. Alitabasamu kwenye picha. Alimwita Baba kama wengine walivyofanya, na kila alipolitamka, neno lilimkwaruza kooni kama mwiba wa samaki. Makato aliyakubali bila kufungua mdomo. Mlezi akamzoea, akaanza kumtaja mbele za watu: "Binti yangu huyu, hana longolongo." Kumbe binti alikuwa anahesabu mapambano yaliyobaki kwenye mkataba wake kama mfungwa.

Likabaki moja, na Mlezi akamwita ofisini.

Kampuni ilikuwa na bingwa mmoja wa kike ambaye hajawahi kushindwa. Walimwita Malkia. Uso wake ulikuwa kwenye mabango, kwenye chupa za maji, hadi ubavuni mwa gari la Mlezi. Sasa walikuwa wanakuja wawekezaji kutoka nje, watu wa televisheni, wanataka kununua sehemu ya kampuni. Walichokuwa wananunua hasa ni yeye, Malkia, na rekodi yake safi.

"Nimekupa nafasi ya mkanda," Mlezi alisema, meno yote nje. "Wewe na Malkia, mbele ya wageni."

Kiwembe alishukuru akatoka. Alijua vizuri kabisa alichopewa. Kila mpiganaji wa kampuni ile alikijua kifungu cha bingwa. Walikitania kwenye vyumba vya kubadilishia nguo: mkanda wa dhahabu, kufuli ya chuma. Ukishika mkanda, mkataba wako unajirefusha wenyewe, kwa malipo yaleyale, na hamna kwenda popote. Kwa hiyo Kiwembe akishindwa na Malkia, anatupwa kama ganda la ndizi na wageni wanafurahi. Akishinda, anakuwa yeye ndiye Malkia, amefungwa kwa miaka mingine, uso wake unabandikwa kwenye gari, na wageni wananunua vilevile. Upande wowote sarafu ingeangukia, ingeangukia mfukoni mwa Mlezi.

Jioni ile alimweleza kaka wakiwa wanakunja mikeka.

"Basi usipigane," kaka alisema.

"Nitapigana. Nitamvunjia Malkia wake mbele ya wageni. Na mkanda sitaki."

"Ukimpiga utavishwa tu, utake usitake."

"Nikizidi uzito sivishwi."

Kaka alisimama na mkeka begani. Sheria aliijua tangu enzi zake. Mpiganaji anayezidi uzito hukatwa sehemu ya tano ya malipo yake, anapewa mpinzani. Na hata akishinda, ushindi ni ushindi, ila mkanda haugusi. Anabaki mpiganaji wa kawaida. Na mpiganaji wa kawaida aliyemaliza mapambano ya mkataba wake ni mtu huru.

"Umelifikiria hilo lini?" kaka aliuliza.

"Siku niliyosaini."

* * *

Kupunguza uzito ni mateso kushinda ngumi zenyewe. Siku ya mwisho Kiwembe alikuwa amekaa kwenye beseni la maji ya moto, amefunikwa mataulo, midomo imekauka imepasuka. Alipunguza kweli, maana akizidi mno pambano lingefutwa. Kilipobaki kiasi kidogo, kilo moja hivi, alimwambia kaka ampe maji ya kunywa.

Kaka alishika chupa asimpe. "Hiyo sehemu ya tano ni kodi ya nyumba, dada. Ni pesa ya damu yako."

"Nipe."

"Mpinzani ndiye atakayekula. Utamlipa mtu akupige?"

"Kaka, nipe maji. Nina kiu ya miaka."

Akampa. Alikunywa taratibu, macho amefumba, hadi chupa ikalia. Yalikuwa maji ya bomba tu, lakini maisha yake yote hakuwahi kunywa kitu kitamu namna ile.

Asubuhi, mbele ya waandishi, alipanda kwenye mzani. Ofisa akasoma, akasoma tena, akatangaza kwamba amezidi. Minong'ono ikatanda. Kwa kanuni alipewa saa moja akatoe jasho arudi. Kiwembe alivuta kiti, akakaa katikati ya ukumbi ule mbele ya kila mtu, akatoa mkate wa siagi mfukoni, akaanza kula.

Mlezi hakushtuka. Alifurahi. Alishika kipaza sauti, akatikisa kichwa kama mzazi aliyeaibishwa. "Nidhamu, ndugu zangu. Bila nidhamu huwezi kuvaa taji. Lakini sisi ni familia, hatumfukuzi mtu. Malkia wangu, unakubali kupigana naye hivyohivyo?"

Malkia alikubali, na nani angekataa sehemu ya tano ya pesa ya mwenzake? Alimkonyeza Kiwembe na kumwambia, "Asante kwa zawadi, wifi." Ukumbi mzima ukacheka, hata Kiwembe akacheka huku anatafuna.

Mwanasheria wa kampuni, mzee mmoja mwenye miwani ya kamba, ndiye pekee ambaye hakucheka. Alionekana anamvuta Mlezi kwenye mkono wa koti, anamnong'oneza, anaonyesha kidole kwenye mkataba wa Kiwembe ndani ya simu yake. Uso wa Mlezi ukabadilika taratibu, kama maziwa yanayokatika. Akamtazama Kiwembe. Kiwembe akamwinulia kipande cha mkate, kama mtu anayekukaribisha mezani.

Kulifuta pambano hakuweza. Tiketi zilikuwa zimekwisha, televisheni imeshalipwa, na wageni walikuwa wamekaa pale pale safu ya mbele wanapiga picha.

* * *

Kizimbani Kiwembe alipigana kwa hasira iliyopoa, na hiyo ndiyo mbaya kuliko hasira ya moto. Malkia alikuwa hodari, lakini alikuwa amezoea kulishwa wapinzani wepesi, na hakuwahi kukutana na mtu aliyemsoma kama kitabu cha mtihani. Dakika za mwanzo tu Kiwembe alimwangusha, akampata shingo, na kabari ilikuwa imekamilika. Angeweza kumaliza.

Akaachia. Alitaka wageni waone vizuri.

Alimpiga viwiko. Kila kiwiko kikitua, alinyanyua macho kumtafuta Mlezi nje ya waya, akamkuta. Raundi ya kwanza Mlezi alikuwa anaongea na wageni kwa mikono miwili. Raundi ya pili mikono ikashuka. Mgeni mmoja akaweka simu yake mezani kifudifudi. Kiwembe aliona yote hayo, na moyo wake ukajaa raha mbaya, nzito, kama mtu anayekuna kidonda. Kaka alikuwa anapiga kelele kutoka kona: "Maliza! Inatosha, maliza!" Alijifanya hasikii.

Raundi ya tatu, mwamuzi akasimamisha. Jicho la kushoto la Malkia lilikuwa limevimba, limeziba kabisa. Daktari akaingia na tochi.

"Unaniona?"

"Naona, daktari," Malkia alisema, anapumua kwa mdomo. "Naona, niache."

Mlezi alikuwa ameshafika kwenye waya. "Bingwa wangu, akivunja umeshindwa. Pesa ya ushindi imekwenda. Jikaze, mama, dakika chache tu."

Kiwembe alishusha ngumi. Malkia alikuwa anamsukuma daktari kwa mkono. Daktari akasitasita, akamtazama Mlezi, akatoka.

Mwamuzi aliposema endeleeni, Kiwembe hakurusha hata ngumi moja. Aliingia chini, akamkumbatia Malkia kiunoni, akamlaza kwenye mkeka kwa uangalifu kama anamlaza mgonjwa, akazunguka nyuma, akafunga kabari. "Gonga," alimwambia sikioni. "Gonga mkeka, yaishe." Malkia hakugonga. Alikabwa mpaka akalegea, akalala usingizi. Kiwembe akamwachia papo hapo, akamgeuza ubavu, akamwita daktari kwa sauti ambayo watu wa juu kabisa waliisikia.

Mkono wake ulipoinuliwa, mkanda ulikuwa mezani, hakuna aliyeugusa. Viti vya wageni vilikuwa vitupu.

Alimfuata Malkia chumbani kwake. Alimkuta amekaa kwenye benchi, barafu usoni, peke yake. Watu wake wote walikuwa wameyeyuka.

"Jicho vipi?"

"Daktari anasema litapona. Uvimbe tu." Malkia aliondoa barafu akamtazama. "Mwanzoni ulikuwa umeshanikaba. Kwa nini uliniachia?"

Kiwembe aliinamia viwiko vyake.

"Ulinipiga kama vile mimi ndiye niliyekukosea."

"Siyo wewe. Ni yeye."

"Lakini uso ni wangu," Malkia alisema.

Maneno hayo yalimwingia Kiwembe pabaya. Alikaa kwenye benchi kando yake. Alimweleza habari yote, ya jicho, ya gari la wagonjwa, ya mzani. Malkia alisikiliza barafu likimdondokea mapajani. Alisema tu, "Kumbe mkanda bado ninao mimi."

"Unao. Na kufuli yake."

"Na mimi nikizidi uzito?"

"Bingwa akizidi uzito, mkanda unavuliwa palepale kwenye mzani."

* * *

Kiwembe alipata kampuni nyingine. Huko malipo yalikuwa mazima, ushinde usishinde, na matibabu juu yao. Mapambano machache, lakini usingizi wake ulikuwa wa mtu. Yeye na kaka yake walikodi ghala la zamani la simenti, wakalipaka rangi, wakafungua darasa. Asubuhi walikuja akina mama wa mtaani, waliotaka kupunguza tumbo na pia, kama mmoja wao alivyosema, kujua namna ya kumnyonga mume kwa dharura.

Asubuhi moja ya darasa hilo, Mlezi alitokea mlangoni. Alikuwa amekonda, tai imelegea. Alitaka kuingia, kaka akamnyooshea kidole.

"Viatu."

"Nina maneno mawili tu, kijana wangu."

"Kwenye mkeka hatuingii na viatu."

Akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole kikubwa kinachungulia nje. Akina mama waliinua shingo wote kwa pamoja. Kiwembe hakusimamisha darasa. Alimwacha Mlezi asimame katikati ya mkeka, viatu mkononi, mpaka akina mama wakamaliza kugaragazana, wengine kwa makusudi karibu kabisa na miguu yake.

"Haya," alisema mwishoni. "Sema."

"Malkia ameniacha. Alikuja kwenye mzani amezidi, anatafuna mkate, kama wewe. Na wenzake wawili nao. Wewe ndiye uliyewafundisha."

"Kufundisha ndiyo kazi yangu."

"Wale wageni wameondoka, benki inanipigia kila siku. Binti yangu, rudi. Pambano moja tu. Taja bei yoyote."

"Sina bei kwako."

"Kila mtu ana bei."

"Nilikuja kwako kufanya kazi moja. Nimeimaliza. Toka."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemkatalia mchuuzi. Mlezi akamgeukia kaka, akaingia kwenye ile sauti yake ya upole. "Na wewe, mwanangu? Nahitaji kocha mkuu. Tusahau yaliyopita. Wewe una familia."

Kiwembe alishangaa kumsikia kaka anauliza, kwa utulivu tu, "Malipo vipi?"

Uso wa Mlezi ukang'aa. "Mazuri! Kuna pesa ya kuanzia mwezi, halafu nusu nyingine vijana wako wakishinda..."

Hakumaliza. Kaka alikuwa ameanza kucheka. Alicheka kwanza kwa pua, kisha kwa kifua, kisha akashika ukuta, akateleza mpaka chini akakaa, machozi yakimtoka hata kwenye jicho lile bovu. Akina mama, bila kujua kinachochekwa, wakaangua nao. Ghala zima likavuma. Mlezi alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, akavaa kiatu kimoja, cha pili akakikanyaga kisigino, akaondoka anachechemea.

Kiwembe peke yake hakucheka. Alitoka mpaka kizingitini, akamtazama akitembea kwa miguu kwenye jua, bila gari, anahamia upande wenye kivuli, anajifuta shingo kwa ile tai. Alimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona. Alingoja huruma imjie, haikuja. Kitu kilichomuuma ni kwamba ameondoka upesi mno. Alitamani kesho arudi tena, avue viatu, asimame palepale, ili amkatalie upya.